Programu iliyojua kusema "sijui"

Mwaka 1972, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, kompyuta ilipewa sentensi chache za Kifaransa. Kwa lugha yetu zinasema hivi: kila daktari wa magonjwa ya akili ni mtu, kila mtu anayemchambua ni mgonjwa, Jacques ni daktari wa magonjwa ya akili Marseille. Kisha ikaulizwa maswali matatu. Jacques ni mtu? Jacques yuko wapi? Jacques ni mgonjwa? Ikajibu: ndiyo, Marseille, sijui.

Jibu la tatu ndilo limenifanya niandike leo. Katika sentensi zile hakuna aliyesema kama Jacques naye anachambuliwa na mwenzake. Huwezi kuthibitisha kwamba anaumwa, wala huwezi kuthibitisha kwamba haumwi. Programu ikasema hali ilivyo. Mimi ninaishi Mwanza, na kazi yangu ni kutengeneza daftari za kompyuta kwa vikundi vya kuweka na kukopa vya wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Mifumo mingi ninayokutana nayo haina neno hilo. Ina ndiyo, ina hapana, na kila isichokijua inakiita hapana.

Programu ile ya Marseille ilikuwa programu kubwa ya kwanza kuandikwa kwa Prolog, lugha ya kuandikia programu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa. Ilikuwa na taarifa na kanuni 610. Alain Colmerauer aliandika 334, nyingi zikiwa za kuchambua sentensi. Robert Pasero aliandika 162 za kufikia hitimisho, na Henry Kanoui 114 za maumbo ya maneno ya Kifaransa. Aliyeifanya kompyuta ielewe Prolog yenyewe ni Philippe Roussel. Napenda kuyataja majina haya kwa sababu watu wengi hudhani Prolog ilitoka kwa wanahisabati waliotaka kuonyesha ufundi wao. Ilitoka kwa watu waliotaka kuzungumza na mashine kwa lugha ya nyumbani kwao.

Colmerauer alikuwa ametokea Montréal, Kanada, alikokuwa akishughulikia tafsiri ya kompyuta kati ya Kiingereza na Kifaransa. Alibeba sarufi. Upande wa pili alikuwepo Robert Kowalski wa Edinburgh, aliyebeba uthibitisho. Alikuwa akifanyia kazi njia iliyochapishwa mwaka 1965 na John Alan Robinson, njia ya kuifanya kompyuta itoe hitimisho la kimantiki kwa hatua ya aina moja tu, inayorudiwa. Kiini chake ni kulinganisha kauli mbili zenye nafasi wazi na kutafuta nafasi hizo zijazwe nini ili kauli zifanane. Colmerauer alimwalika Kowalski Marseille kiangazi cha 1971, akamwalika tena 1972. Katika kukutana huko likaonekana jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: kauli ya "A ni kweli ikiwa B na C ni kweli" inaweza kusomwa pia kama maagizo, yaani ukitaka kufanya A, fanya B, kisha C. Maneno ni yaleyale. Ukiyasoma hivi ni maelezo ya jambo, ukiyasoma vile ni kazi ya kufanya.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Chukua safari za kwenda visiwa vya Ukerewe na Ukara, Ziwa Victoria:

njia(mwanza, nansio).
njia(nansio, bugolora).
njia(bugolora, bwisya).
njia(mwanza, bunda).
njia(bunda, kisorya).
njia(kisorya, rugezi).
njia(rugezi, nansio).

anafika(A, B) :- njia(A, B).
anafika(A, B) :- njia(A, C), anafika(C, B).

Mistari saba ya kwanza ni taarifa tupu: meli ya Mwanza hadi Nansio, barabara ya Nansio hadi Bugolora, kivuko cha Bugolora hadi Bwisya kule Ukara, na ile njia ya kuzunguka kwa Bunda, unavuka Kisorya kwenda Rugezi. Mistari miwili ya mwisho ni kanuni. Mtu anafika kutoka A hadi B ikiwa ipo njia ya moja kwa moja. Au ikiwa ipo njia ya kwenda mahali C, na kutoka C anafika B. Herufi kubwa ni nafasi wazi. Alama ya :- isome "ikiwa".

Ukiuliza anafika(mwanza, bwisya), inakubali. Hilo hata lugha nyingine zinaliweza. Sasa geuza swali: anafika(X, bwisya). Yaani, ni wapi na wapi mtu anaweza kuanzia akafika Bwisya? Hujaandika programu nyingine, hujabadilisha hata herufi ya kanuni, na itakutajia Bugolora, Mwanza, Nansio, kisha Mwanza tena, halafu Bunda, Kisorya na Rugezi. Mwanza inakuja mara mbili kwa sababu kweli kuna njia mbili za kufika, ya majini na ya kuzunguka. Katika lugha nilizofundishwa chuoni ningeandika kazi moja ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma, kisha nikae kuhakikisha kwamba hazipingani. Hapa umesema unachokijua mara moja, na maswali yanakuja kutoka upande wowote.

Kowalski alilifupisha mwaka 1979 kwa mlinganyo: algorithimu, yaani hatua za kutatua jambo, ni mantiki kujumlisha udhibiti. Mantiki ni unachokijua. Udhibiti ni mpangilio wa kukitumia. Ndoto ilikuwa binadamu ashughulike na la kwanza, mashine ibebe la pili. Ndoto hiyo haikutimia yote. Ongeza taarifa kwamba meli inarudi, njia(nansio, mwanza), kisha uulize kuhusu mahali pasipofikika. Prolog ya kawaida itakwenda Nansio, itarudi Mwanza, itakwenda Nansio, itarudi Mwanza, mpaka kumbukumbu iishe. Inafuata kanuni ya kwanza inayoiona, na haikumbuki ilikopita. Dawa ya kuhifadhi majibu yaliyokwisha kutafutwa ilielezwa na Tamaki na Sato mwaka 1986, ikaja kukuzwa sana kwenye mfumo wa XSB na David S. Warren wa Stony Brook, Marekani. (Yupo pia David H. D. Warren wa Edinburgh, ambaye nitamtaja hivi punde. Ni watu wawili, na wote wawili ni nguzo za fani hii, kwa hiyo ukisoma uangalie herufi za katikati.) Leo dawa hiyo ni mstari mmoja tu katika SWI-Prolog, lakini lazima ujue kwamba unaihitaji.

Nirudi kidogo kwenye sarufi, maana hapo ndipo mimi nilipotekwa. Colmerauer alibuni namna ya kuandika sarufi ndani ya mantiki, na mwaka 1980 Fernando Pereira na David H. D. Warren wakaeleza namna nyepesi zaidi, ambayo ndiyo tunayoitumia. Tazama inavyotukaa sisi wenye ngeli:

sentensi --> nomino(N), kitenzi(N).
nomino(u) --> [mtumbwi].
nomino(i) --> [mitumbwi].
nomino(ki) --> [kivuko].
nomino(vi) --> [vivuko].
kitenzi(u) --> [umefika].
kitenzi(i) --> [imefika].
kitenzi(ki) --> [kimefika].
kitenzi(vi) --> [vimefika].

Mshale usome "inaundwa na". Upatanisho wote wa ngeli umebebwa na ile N moja, inayotakiwa kuwa sawa pande zote mbili. "Kivuko kimefika" inapita, "mtumbwi kimefika" inakataliwa, na ukiiambia itaje sentensi zote inazozijua, itazitaja yenyewe bila kukosea hata moja. Ongeza vivumishi, viwakilishi, urejeshi, na N ileile inaendelea kusafiri. Vitabu vya Ulaya hutumia mfano huu kwa umoja na wingi tu, au kiume na kike. Kwetu mashine inapata kazi ya kutosha. Ningetamani kila mwanafunzi wa isimu pale chuo kikuu cha Malimbe, hapa Mwanza, aonyeshwe mistari hii kabla hajakariri jedwali la ngeli.

Huku Marseille na Edinburgh wakijenga, mazingira ya utafiti hayakuwa rafiki. Mwaka 1973 ripoti ya James Lighthill, Uingereza, ilisema utafiti wa akili bandia haujatimiza ulivyoahidi, na fedha zikapungua. Na sisi? Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini mwaka 1977, yule Warren wa Edinburgh alipokamilisha kompaila (programu ya kugeuza lugha kuwa maagizo ya mashine) iliyoonyesha kwamba Prolog inaweza kushindana kwa kasi na Lisp, lugha kuu ya watafiti wa akili bandia wakati ule, hapa kwetu ilikuwa vigumu kupata mahali pa kuijaribia. Siwalaumu waliofanya uamuzi ule. Nchi ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Ninachotaka kijana wa leo ajue ni kwamba kutokuwepo kwetu kwenye kurasa za mwanzo kuna tarehe na kuna sababu. Si kwamba akili za huku hazikuelekea huko.

Sasa nifike kwenye neno hapana.

Rudi kwenye taarifa za safari, kabla ya kuongeza meli inayorudi. Uliza: anafika(mwanza, bukoba). Prolog itakujibu kwamba ni uongo. Mtoto yeyote anayecheza karibu na bandari anajua meli ya Bukoba ipo. Mimi sikuiandika tu. Mashine imetafuta uthibitisho, imeukosa, na kukosa huko imekutangaza kuwa ni ukanushi.

Hilo si bahati mbaya. Lilifikiriwa na watu makini. Mwaka 1977 Hervé Gallaire na Jack Minker walikutanisha watafiti Toulouse, Ufaransa, kuzungumzia mantiki na hifadhi za taarifa, na mwaka 1978 mada zikatoka kitabu. Ndani ya kitabu hicho kimoja mna maandiko mawili yaliyoamua mengi. Keith Clark alieleza ukanushi kwa kushindwa: ukishindwa kuthibitisha jambo kwa njia zote ulizonazo, na utafutaji wako umefika mwisho, lichukulie kuwa si kweli, akaonyesha ni katika hali gani hatua hiyo ina haki kimantiki. Raymond Reiter naye akaeleza dhana ya dunia iliyofungwa: tuchukulie kwamba kila kilicho kweli kimeshaandikwa, hivyo kisichoandikwa ni uongo.

Ndani ya mipaka yake, dhana hiyo ni ya busara kabisa. Ratiba ya meli ikiwa imetolewa na mwenye meli, na Jumanne haimo, basi Jumanne meli haiendi. Huhitaji kuandika siku zote ambazo meli haiendi na bandari zote ambazo haitii nanga. Bila dhana hiyo hakuna hifadhi ya taarifa ambayo ingefanya kazi. Kungekuwa na hapana nyingi kuliko mawimbi ya ziwa. Lakini Reiter aliita dhana, na dhana ni kitu unachokikubali kwa kujua. Aliyefunga dunia lazima awe na hakika kwamba ameingiza kila kitu kabla ya kufunga mlango. Kadiri miaka ilivyokwenda, dhana ikaingia kwenye programu za ofisini, ikaacha kutajwa, na wanaokaa mbele ya skrini hawajui kwamba ipo.

Mama mmoja muuza dagaa, mtu mzima ambaye wote tunamwamkia shikamoo, alikwenda kuomba mkopo kwenye ofisi moja hapa mjini. Kikundi chake cha zamani kilikuwa kimehamishiwa kwenye kompyuta na watu wa mradi, na vijitabu vya wanachama havikuingizwa vyote. Kijana wa dirishani akatazama skrini akamwambia, "Mama, wewe hujawahi kuweka hisa." Mama akamjibu kwa upole, na alinisimulia mwenyewe tukiwa tumeketi kando ya vichanja: "Mwanangu, kusema hamjaniandika na kusema sikuweka ni mambo mawili."

Sijasoma popote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kuhusu kasoro ya dunia iliyofungwa. Reiter alihitaji kurasa nyingi. Mama yule alikuwa na kijitabu kilicholowa maji pembeni, chenye mihuri, ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuna sehemu kwenye mfumo ule ambapo kijitabu kingeweza kuwa ushahidi.

Kuna kazi nyingine ya enzi hizo inayonipa moyo. Mwaka 1986 Kowalski, ambaye wakati huo alikuwa Imperial College, London, pamoja na Marek Sergot, Fariba Sadri na wenzao, walichapisha jaribio la kuandika Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 kama programu ya mantiki. Kifungu kwa kifungu: mtu ni raia ikiwa amezaliwa Uingereza, na ikiwa amezaliwa baada ya sheria kuanza kutumika, na ikiwa baba au mama yake alikuwa raia au mkazi wa kudumu. Sheria inakaa vizuri kwenye "ikiwa" kuliko watu walivyotarajia. Lakini wakakuta kifungu cha mtoto mchanga aliyeokotwa. Sheria inasema mtoto mchanga aliyekutwa ametelekezwa nchini humo atachukuliwa kuwa alizaliwa humo na mzazi anayestahili, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Soma hiyo "isipokuwa ithibitishwe vinginevyo" mara mbili. Ni ukanushi kwa kushindwa uleule wa Clark. Kukosekana kwa uthibitisho kunatoa jibu. Ila hapa jibu limeelekezwa kumlinda mtoto. Hatakiwi kuleta cheti. Anayempinga ndiye alete. Mantiki ileile iliyomnyima mama wa Kirumba hisa zake inampa mtoto wa kuokotwa uraia, na tofauti yote iko kwenye uamuzi wa nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Uamuzi huo haufanywi na mashine. Bunge liliufanya kwa kuandika. Kwenye mfumo wa hisa hakuna aliyekaa akaufanya. Ulijifanya wenyewe kwa sababu lugha ya kompyuta ilikuwa na mazoea yake.

Watu wakizungumzia Prolog huwa wanarukia Japani, nami nitapita hapo haraka. Mradi wa Kizazi cha Tano ulianza mwaka 1982 chini ya taasisi ya ICOT, mkurugenzi wake Kazuhiro Fuchi, lengo likiwa kujenga kompyuta ambazo mantiki ndiyo lugha yake ya msingi. Nchi za Magharibi zilishtuka: Uingereza ikaja na mpango wa Alvey, Ulaya na ESPRIT. Miaka kumi baadaye mashine zilikuwepo, zenye mamia ya prosesa, na kompyuta za kawaida sokoni zilikuwa zimeshazifikia kwa bei ndogo. Wengi husema mradi ulishindwa kwa sababu ya hilo. Mimi naona jambo jingine. Ili prosesa nyingi zifanye kazi kwa pamoja, watafiti wa ICOT walichagua aina ya lugha ambayo ikishachagua kanuni hairudi nyuma kujaribu nyingine. Walipata kasi, wakaachia uwezo wa kugeuza swali, ule wa anafika(X, bwisya). Kwangu hilo lilikuwa ndilo moyo wa kitu chenyewe.

Mbegu nyingine iliota pasipotarajiwa. Kuanzia mwaka 1986, katika maabara ya Ericsson huko Uswidi, Joe Armstrong alikuwa akijaribu kueleza kazi za mitambo ya simu kwa Prolog. Majaribio yale yakageuka kuwa lugha ya Erlang, na toleo lake la kwanza liliendeshwa juu ya Prolog yenyewe. Hadi leo Erlang huandika nafasi wazi kwa herufi kubwa na kumaliza kauli kwa nukta, alama za ukoo wake. Seva za WhatsApp zimeandikwa kwa Erlang. Wanunuzi wa dagaa wanaotoka Kongo wakiulizana bei ya gunia na watu wa Mwaloni kabla hawajafunga safari, ujumbe wao unapita kwenye mjukuu wa Marseille.

Jibu la kinadharia kwa tatizo la mama wa dagaa lipo pia, na si jipya. Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz walitoa mwaka 1988 maelezo mapya ya maana ya ukanushi katika programu za mantiki, na baada ya hapo wakatenganisha waziwazi aina mbili: "haijathibitishwa" na "imethibitishwa kuwa siyo". Ukiwa na hizo mbili, jibu la tatu linapata nafasi. Kwenye daftari ninalojenga, kiini chake ni hiki:

hali(M, W, ndiyo) :- mwanachama(M), amelipa(M, W).
hali(M, W, hapana) :- mwanachama(M), hakulipa(M, W).
hali(M, W, msamaha) :- mwanachama(M), mbalamwezi(W).
hali(M, W, haijulikani) :- mwanachama(M),
    \+ amelipa(M, W), \+ hakulipa(M, W), \+ mbalamwezi(W).

M ni mwanachama, W ni wiki. Alama ya \+ ndiyo ukanushi wa Clark: "imeshindikana kuthibitisha". Swali huulizwa wiki ikiwa imeshatajwa. Ukiiacha W wazi, ukanushi huu hauwezi kuaminika. Taarifa ya hakulipa haiingii yenyewe. Inaingizwa pale tu mweka hazina amefungua daftari, ameiona nafasi tupu, na mwanachama amekiri mbele ya katibu. Mstari wa msamaha ni wa wavuvi na wachuuzi wote wa ziwa hili: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki, vichanja vinabaki vitupu, hela haipo. Kikundi hakidai wiki hizo. Mfumo wa nje usiojua mwezi ungesoma mapengo yale kama uzembe unaojirudia kila mwezi, na ungempa mwanachama mwaminifu alama mbaya.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea kuwa kubwa hivi. Ikitokea mwanachama ana amelipa na hakulipa kwa wiki ileile, programu haichagui upande. Inatoa majibu yote mawili, na kila moja na chanzo chake: hili limetoka kwenye kijitabu cha mwanachama, lile kwenye daftari la kikundi. Kila jibu la Prolog ni uthibitisho, na uthibitisho unaweza kuchapishwa hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, ukasomwa kwa sauti kwenye kikao. Leo tuna programu zinazoandika insha ndefu kwa ufasaha wa kushangaza, nami nazitumia. Lakini nikiwa mbele ya wanawake waliokaa kwenye viti vya plastiki, ambao fedha zao ndizo zinazojadiliwa, nataka mashine inayoweza kuulizwa "umejuaje?" ikaonyesha mistari yake yote.

Kwa anayetaka kujaribu: SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker, Amsterdam, mwaka 1987, ni ya bure, na inakwenda hata kwenye laptopu kuukuu ya mtumba. Andika taarifa za mtaa wako kwa majina ya Kiswahili. Mashine haijali lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kowalski alikuwa akiwafundisha mantiki watoto wa shule London kwa toleo dogo liitwalo micro-PROLOG, kwa hiyo usiniambie ni ngumu kwa kidato cha kwanza wa Igoma au Buswelu.

Lililobaki kwenye kikundi halikuwa la kompyuta. Tulipowaonyesha wanachama orodha ya waliotoka "haijulikani", lilizuka swali la nani alete ushahidi, mwanachama au uongozi. Mjadala ulikuwa mrefu, na mweka hazina alipinga kwa hoja nzito: daftari za zamani ziko kwake, kazi yote itamwangukia. Mwishowe wakaandika kwenye katiba yao kwamba wiki ambayo haijulikani, uongozi una hadi kikao kinachofuata kutafuta kwenye daftari. Wakikosa, kijitabu cha mwanachama chenye muhuri kinatosha. Mstari huo nimeshauingiza kama kanuni. Sasa tunaingiza vijitabu vya miaka ya nyuma, kimoja kimoja, tukianza na vile vilivyolowa.